Ada Imelipwa, Je, Ataishije? Namna ya Kumsaidia Mwanafunzi Atunze Fedha na Apate Uzoefu wa Kazi

Kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vinapofunguliwa, sharika zetu huwaombea na kuwaaga vijana wanaokwenda masomoni. Bahasha hukusanywa, mnada wa kuku na ndizi hufanyika baada ya ibada, na kijana huondoka akiwa na ada ya muhula wa kwanza. Kamati hushukuru Mungu na kufunga daftari. Sisi katika ofisi ya miradi tumejifunza kwamba hapo ndipo kazi inapoanza.

Tulijifunza kwa uchungu. Binti mmoja tuliyemlipia ada yote, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu, alifungiwa chumba na mwenye nyumba katikati ya muhula. Kwa majuma mawili alilala sakafuni kwa rafiki yake, akala mara moja kwa siku, na akakosa majaribio mawili kwa kukosa nauli. Habari hizo tulizipata kwa Mwinjilisti, si kwake. Tulipomuuliza kwa nini hakutuambia, alijibu: "Mama, mlishanilipia ada. Niliona aibu kuomba tena." Kosa halikuwa lake peke yake. Sisi tulituma ada bila kuuliza swali moja dogo: je, ataishije?

Tumeona pia hasara ya pili. Wapo vijana wetu waliomaliza na alama nzuri, wakarudi nyumbani na cheti, wakakaa miaka miwili bila kazi. Kila tangazo liliuliza uzoefu, nao hawakuwa na la kuandika. Kwa hiyo katika toleo hili tunaeleza mambo mawili kwa pamoja: namna fedha ndogo ya mwanafunzi inavyoweza kudumu, na namna anavyoweza kujenga uzoefu akiwa bado masomoni.

Fedha ya mwanafunzi hutoka wapi?

Wanakamati wengi hudhani kwamba kijana mwenye mkopo wa serikali hana shida. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Hutoa mkopo kwa mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, na mafunzo kwa vitendo. Si kila mwombaji hupata, na si kila anayepata hupewa mafungu yote kwa ukamilifu. Fungu la chakula na malazi, ambalo wanafunzi huliita bumu, kwa sasa hufikia shilingi 10,000 kwa siku, nalo hulipwa kwa awamu. Mara nyingi majuma kadhaa hupita kati ya siku chuo kinapofunguliwa na siku fedha inapoingia.

Aidha, tukumbuke kwamba fedha hiyo ni deni. Akiajiriwa, mnufaika hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi amalize. Kijana anayekosa kazi hulibeba deni hilo bila njia ya kulilipa.

Hesabu ya siku sitini

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anapokea shilingi 600,000 za siku 60. Amepanga chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi, na kama ilivyo desturi ya miji mingi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni 240,000. Zinabaki 360,000. Akitenga 60,000 kwa nauli, nakala za masomo, vocha na dharura, zinabaki 300,000, yaani 5,000 kwa siku. Iwapo sahani moja kwa mama lishe ni 2,000, milo mitatu ni 6,000. Kila siku anapungukiwa 1,000, na ikifika siku ya hamsini hana kitu. Hakuna anasa yoyote katika hesabu hiyo. Kijana huyo hakuponda fedha, ila fedha haikutosha tangu mwanzo.

Hivyo basi, tunawashauri wanafunzi wetu mambo yafuatayo:

1. Kodi kwanza. Wawili au watatu wakipanga chumba kimoja, kodi ya miezi sita haitakula karibu nusu ya bumu la kwanza.

2. Kupika kwa chungu kimoja. Wanafunzi wanne wakichangia unga, mchele, maharage na mafuta kwa juma zima, na kupika kwa zamu, gharama ya chakula hushuka sana. Maharage yalowekwe usiku kucha ili gesi au mkaa usiishe upesi.

3. Kugawa fedha kwa majuma. Fedha ibaki benki, na kila Jumatatu mwanafunzi ahamishie kwenye simu kiasi cha juma hilo tu. Fedha yote ikikaa kwenye simu, huondoka bila kuaga.

4. Kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari dogo la mapato na matumizi litamwonyesha mwanafunzi mwenyewe fedha yake inapovujia.

5. Kutonunua kinachoweza kuazimwa. Vitabu vipo maktaba, na wanafunzi wa mwaka wa juu wana nakala za masomo na vikokotoo ambavyo hawavitumii tena.

6. Kuikimbia michezo ya kubahatisha na mikopo ya kwenye simu. Mwanafunzi aliyeishiwa hushawishika kubeti, kisha kukopa ili arudishe alichopoteza. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya biashara bila leseni. Wakopeshaji wa namna hiyo hutoza riba kubwa na hata kuwapigia simu ndugu na marafiki wa mkopaji kumwaibisha. Kijana ajue kwamba anaweza kumpigia mweka hazina wa usharika kabla ya kufika huko.

Uzoefu hauanzi baada ya mahafali

Kwa kozi nyingi za chuo kikuu, mafunzo kwa vitendo huchukua majuma nane hivi, wakati wa likizo ndefu. Vijana wengi huyachukua kama sharti la kupata alama tu. Wengine hukubali kituo cha mbali kisha hushindwa nauli na malazi, wakaishia kusaini daftari la mafunzo bila kazi waliyoifanya. Tunawaomba wanafunzi waanze kutafuta nafasi miezi mitatu kabla, kwa barua ya chuo, na wachague kwanza kituo ambacho wanaweza kulala kwa ndugu au kwa msharika.

Lakini majuma nane hayatoshi. Hapa ndipo usharika una hazina isiyotumika. Tuna ofisi, zahanati, shule za chekechea, mashamba, miradi ya maji na vikundi vya kuweka na kukopa. Kila mahali pana kazi inayosubiri mtu mwenye ujuzi:

- Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kulinganisha daftari la fedha la usharika na taarifa ya benki, na kuandaa taarifa ya robo mwaka akisimamiwa na mweka hazina.
- Mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuingiza rejista ya washarika kwenye kompyuta na kumfundisha katibu kuitumia.
- Mwanafunzi wa ualimu anaweza kufundisha masomo ya ziada kwa kidato cha nne wakati wa likizo.
- Mwanafunzi wa kilimo anaweza kuendesha kitalu cha miche au shamba la mfano.
- Kijana wa chuo cha ufundi anaweza kukagua nyaya za umeme za kanisa chini ya fundi mwenye leseni.

Kazi hizi hupunguza pia gharama za kijana. Usharika ukimpa chakula cha mchana na nauli, likizo yake haimli akiba. Mwenye kufundisha masomo ya ziada anaweza pia kulipwa kidogo na wazazi, akaanza muhula akiwa na chochote.

Barua inayosaidia na barua isiyosaidia

Matangazo ya kazi yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwataka waombaji kutaja wadhamini watatu wa kuaminika. Vijana wetu huja kwa Mchungaji, naye huandika kwamba fulani ni Mkristo mwema na mwimbaji wa kwaya. Ni kweli, lakini haimwambii mwajiri lolote kuhusu kazi.

Barua inayosaidia hutaja tarehe ya kuanza na kumaliza, kazi alizofanya, nani alimsimamia, na matokeo yake. Kwa mfano: "Alilinganisha hesabu za miezi kumi na miwili, akagundua hati za malipo zilizokosa stakabadhi, na akatengeneza jalada jipya ambalo tunalitumia hadi leo." Barua hiyo iandikwe mara kazi inapokwisha, wakati kumbukumbu ni mbichi, na nakala ibaki ofisini. Simu ya msimamizi iwe ile inayopatikana, maana mwajiri akipiga asipopokelewa, kijana ndiye anayepoteza.

Tahadhari

Kwanza, kazi isimeze masomo. Muhula unapoendelea, saa chache za mwisho wa juma zinatosha. Pili, mwanafunzi asiachiwe fedha taslimu peke yake. Huo ni ulinzi kwa usharika na kwake pia. Tatu, kujitolea kusigeuke kuwa utumishi wa bure usio na mwisho. Pawe na tarehe, mpango wa kazi na msimamizi. Nne, mabinti zetu wasitumwe mahali ambapo hakuna msimamizi anayefahamika, na wajue ni nani wa kumweleza mtu akiwataka yasiyofaa ili wapate nafasi.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika, kabla ya kutuma ada, kaeni na mwanafunzi na mzazi wake mwandike bajeti ya muhula kwenye karatasi moja. Pale inapowezekana, kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na sehemu ya mazao ya Sikukuu ya Mavuno itumwe kwa basi. Gunia la mahindi na debe la maharage ni milo mingi. Mteueni mama au baba mmoja wa kumpigia simu kijana kila mwezi, bila kusubiri aombe.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa ada mlizolipa. Tunaomba mturuhusu kutenga sehemu ya msaada kwa ajili ya nauli na chakula wakati wa mafunzo kwa vitendo. Ni kiasi kidogo ukilinganisha na ada, lakini bila hicho, ada ya miaka mitatu inaweza kuishia kwenye cheti kilichowekwa kabatini.

Yule binti wa uhasibu alimaliza masomo yake. Likizo mbili alifanya kazi kwenye vitabu vya fedha vya usharika wake, akala chakula cha mchana nyumbani kwa mweka hazina. Alipoitwa kwenye usaili, aliulizwa afanye nini iwapo daftari la fedha halilingani na taarifa ya benki. Alitueleza kwamba hakuhitaji kukumbuka somo la darasani. Alikumbuka tu hundi moja ya mabati ya kanisa iliyomsumbua siku tatu, akawasimulia jinsi alivyoipata. Leo ni mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa, na kila mwezi huchangia shilingi 20,000 kwa ajili ya kodi ya mwanafunzi mwingine.