India: Walioitwa wezi kwa kuzaliwa wangali wanaombwa cheti

Katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, ambako wakaaji wengi wanasema Kimarathi, kuna jamaa zinazosherehekea tarehe 31 Agosti. Siku hiyo, mwaka wa 1952, India huru ilifuta sheria ya Waingereza iliyohesabu makabila mazima kuwa makabila ya wahalifu.

Sheria ile ilitungwa mwaka wa 1871, na mwaka wa 1911 ikafika upande wa Bombay. Haikungoja mtu aibe. Aliyezaliwa Mpardhi alishukiwa tangu tumboni mwa mama yake. Watu waliandikwa kwenye daftari la polisi, wakapaswa kujionyesha mbele ya askari kwa saa iliyopangwa, na bila ruhusa hawakuweza kutoka mahali pao. Huko Solapur walifungiwa katika kambi iliyozungushiwa waya.

Kosa lao kubwa lilikuwa kutembea. Wapardhi waliishi kwa kutega wanyama; jina lao lenyewe linatokana na neno la Kimarathi la uwindaji. Wakaikadi walisuka vikapu. Wabanjara walisafirisha chumvi na nafaka kwa makundi ya ng'ombe, mpaka reli ikawanyang'anya kazi. Serikali ya kikoloni haikumwamini mtu asiye na makao ya kudumu. Uhuru nao haukuwa mtamu kwa wote: sheria ya mwaka wa 1972 ya kulinda wanyama wa pori iliwazuia Wapardhi kuwinda, na kazi nyingine haikuwa tayari.

Si wote waliobaki chini. Mbanjara mmoja, Vasantrao Naik, aliongoza serikali ya Maharashtra kuanzia 1963 hadi 1975. Laxman Mane, Mkaikadi, na Laxman Gaikwad, wa jamaa ya Uchalya, waliandika maisha yao kwa Kimarathi, na kila mmoja akapata tuzo la taifa la Sahitya Akademi.

Lakini jina baya haliondoki kwa kufuta sheria. Mwaka wa 2003 watu wa familia moja waliuawa huko Maharashtra, na wanaume sita wa jamaa za kuhamahama wakakamatwa. Mwaka wa 2009 Mahakama Kuu ya India iliwahukumu wote sita kifo. Mwaka wa 2019 mahakama hiyo hiyo ilisema hawakuwa na hatia, ikaamuru kila mmoja alipwe rupia 500.000. Walikuwa wamekaa gerezani miaka 16. Mmoja wao alikuwa bado mtoto wakati wa mauaji hayo. Mwezi wa Oktoba 2024, mahakama hiyo iliagiza pia tabaka la mfungwa lisiandikwe tena kwenye madaftari ya magereza.

Shida ya kila siku, hata hivyo, iko ofisini. Maharashtra inawatengea watu wa jamaa hizi nafasi katika shule na kazi za serikali: asilimia 3 kwa zile zilizofunguliwa kutoka sheria ya 1871, na fungu lingine kwa wahamaji. Ili kuipata, kijana anahitaji cheti cha jamaa yake. Na ili kupata cheti, anaombwa karatasi zinazoonyesha mahali ukoo wake ulipokaa mwaka wa 1961. Babu yake mwaka ule alikuwa njiani, akilala katika hema, na karani anayepokea maombi anajua hivyo.