Si madini, wala si adimu: Elementi zinavyopanda fuwele

Magazetini na redioni tumezoea kusikia “madini adimu”. Jina hili lina kasoro mbili. Kwanza, vitu hivyo 17 ni elementi. Madini ni kile kinachoundwa na elementi. Pili, seriamu, mojawapo yavyo, inakaribia shaba kwa wingi katika gamba la dunia. Kinachokosekana ni mkusanyiko. Elementi hizi hutawanyika kidogo kidogo ndani ya madini mengine. Ndiyo maana Mrima kule Kwale, ambako mwamba wa kaboneti umeoza na kuziacha zimejaa udongoni, huzungumziwa sana.

Je, huingiaje humo?

Chukua kaboneti ya kalsiamu, ile ya mawe ya chokaa, makombe na matumbawe. Fuwele yake hukua majini safu kwa safu, na kila safu ni kama matatu yenye viti vya kalsiamu. Chembe ya kalsiamu ina nusu kipenyo cha nanomita 0.100, lanthanamu 0.103. Basi abiria huyu anatoshea. Tatizo ni nauli: kalsiamu ina chaji mbili chanya, lanthanamu tatu. Hesabu husawazishwa sodiamu, yenye chaji moja, inapokalia kiti cha jirani. Tatu na moja ni nne, sawa na kalsiamu mbili. Halafu kuna kasi. Fuwele ikikua polepole huchagua abiria. Ikikua upesi hubeba yeyote aliye stejini.

Kanuni hiyo ya viti huongoza pia bariamu, ambayo si mojawapo ya zile 17. Ina mwili mkubwa, lakini matumbawe hujenga aragonaiti, aina ya kaboneti yenye viti vipana. Udongo unaobebwa na mto huachilia bariamu unapokutana na maji ya chumvi, nayo matumbawe huihifadhi katika pete zake za kila mwaka.

Watafiti waliopima tumbawe la Malindi walichapisha matokeo mwaka wa 2007. Tangu 1700 hadi 1900 udongo ulioletwa na Mto Sabaki haukubadilika sana. Baada ya hapo uliongezeka mfululizo, na kati ya 1974 na 1980 ukafika mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili. Sababu walizotaja ni ongezeko la watu, ukataji wa misitu, matumizi holela ya ardhi na ukame.

Hapo ndipo Soweto East, Kibera, inapoingia. Maji yanayopita kando yake huingia Mto Ngong, kisha Mto Nairobi, Athi, Galana, hadi Sabaki. Hivyo mmomonyoko wa juu, wa mashamba ya wenye nacho na wa vichochoro visivyo na mitaro, huandikwa baharini, na hakuna afisa anayeweza kuufuta.

Kuhusu jina, napendekeza “elementi tawanyifu”. Mwanafunzi wa Kibera akilisikia, ataanza kuuliza: zimetawanyika wapi, na nani anazikusanya? Neno “adimu” humwambia tu kwamba ni mali ya watu wengine.