Ukikosea Mafuta, Usiwashe Injini

Mkulima, ikiwa una pikapu ya kupeleka maziwa na kahawa, au una trekta, yafaa ujue ya kwamba petroli na dizeli ni mafuta mbalimbali. Mtu wa Wamagana akitiliwa petroli katika gari la dizeli, kisha akashika njia ya Nyeri, huenda asifike.

Sababu ni hii. Dizeli huendesha injini na tena hulainisha pampu na nozeli zake. Petroli haina ulaini huo. Vyuma husagana, na unga wa chuma huingia katika mabomba. Kununua pampu na nozeli mpya kwaweza kumaliza fedha zako za kahawa. Gari la petroli nalo likitiwa dizeli hutoa moshi, hukohoa, kisha huzimika.

Basi ukigundua kosa, fanya hivi:

1. Usiwashe injini, wala usizungushe ufunguo hata kidogo. Katika magari mengi ya siku hizi pampu huanza kuvuta mafuta mara ile. Kama uko njiani, simama mahali pa salama uzime.

2. Weka gia huru, mlisukume gari kando.

3. Mwite fundi aondoe mafuta yote katika tangi, mbali na moto. Msiyavute kwa mdomo. Petroli ikiingia mapafuni yaweza kuua.

4. Mafuta hayo yaliyochanganyika usiyatie katika taa wala stovu. Yaweza kulipuka na kuunguza nyumba.

Usichanganye dizeli na mafuta ya taa ili kupunguza gharama. Mafuta ya taa nayo hayalainishi pampu kama dizeli. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi wachanganyaji wasipate faida. Kwa hiyo jihadhari na dizeli ya bei ndogo mno iuzwayo kwa mitungi kando ya njia.

Nyumbani, andika jina la mafuta juu ya kila mtungi, ili hata mtoto anayetumwa asikosee. Kituoni, taja mafuta unayotaka kabla bomba halijaingia tangini, nawe uangalie. Mdomo wa bomba la petroli ni mwembamba. Huingia katika tangi la dizeli bila kizuizi. Kosa likigunduliwa kabla ya kuwasha, hasara yako ni mafuta na ujira wa fundi tu.