Mafua ya Mwalimu Mhamiaji

Nilipohamishwa kutoka shule iliyokuwa jirani na kwetu hadi nyingine ya bweni, safari ya siku nzima kwa basi, wenzangu walinipongeza. Kulikuwa na nyumba ya mwalimu, maji ya mfereji na wanafunzi watiifu. Hata hivyo, mafua hayakunipa nafasi mwaka huo. Kila muhula yaliniangusha kitandani mara mbili au tatu, nami nikailaumu baridi ya milimani.

Baadaye nilisoma habari za utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na Sheldon Cohen na wenzake nchini Marekani, nikaanza kuitilia shaka ile baridi. Watu 276 wenye afya njema waliulizwa walizungumza na nani mara kwa mara: mume au mke, wazazi, majirani, wafanyakazi wenzao, waumini wenzao na wengineo, aina 12 za uhusiano kwa jumla. Kisha walitiwa puani matone yenye virusi vya mafua, wakatengwa na kuchunguzwa. Waliokuwa na aina tatu au pungufu walikuwa katika hatari ya kuugua zaidi ya mara nne ya wale waliokuwa na sita au zaidi. Sigara na ukosefu wa usingizi havikutosha kuieleza tofauti hiyo yote. Tena, kilichokuwa na uzito hapo si wingi wa watu, bali aina za uhusiano.

Basi nilijihesabu. Nilizungukwa na mamia ya wanafunzi na walimu ishirini, lakini wote hao walikuwa watu wa shule. Asubuhi tulizungumzia mitihani, jioni mitihani, Jumapili mitihani! Kwetu nilikuwa mjomba, mwanakwaya, mweka hazina wa chama cha mazishi na jirani wa kuombwa chumvi. Hayo yote niliyaacha kwenye kituo cha basi.

Sidai kwamba uhamisho ndio ulioniuguza. Yamkini vumbi la chaki nalo lilichangia, na kisa cha mtu mmoja si utafiti.

Muhula huu tumeletewa mwalimu kijana kutoka mbali. Alikabidhiwa ufunguo wa nyumba na ratiba ya vipindi, basi. Mimi nilimpeleka uwanjani, mahali vijana wa sokoni huchezea kandanda. Jumamosi iliyopita nilimkuta akilinda lango. Alikuwa amekwisha kufungwa mabao matano, na watu wasiojua hata somo analofundisha walikuwa wakimzomea kwa jina.