Filta Kuukuu za Oili: Usizitupe, Usizichome

Mkulima mwenzetu, katika mashamba yaliyo kando ya Mto Tana, kuanzia hapa Waberi mjini Garissa hadi upande wa Bura na Hola, kilimo chetu kimetegemea injini kwa muda mrefu. Wakulima wa kwanza walipohamia skimu ya Bura mwaka 1981, maji yao yaliinuliwa kutoka mtoni kwa pampu za dizeli pale Nanigi. Leo vikundi vingi vina pampu zao, trekta hulima mashamba yetu, na malori hupeleka mazao sokoni. Kila injini hizi huhitaji oili mpya baada ya muda, na nyingi huhitaji filta mpya pia. Swali letu mwezi huu ni hili: ile filta kuukuu huenda wapi?

Filta ni kitu gani?

Ukiipasua filta utaona mkebe wa chuma, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi. Tena mna springi, pete ya mpira na kilango kidogo cha mpira. Oili ya injini hupita katika karatasi, na karatasi hushika vumbi, masizi na chembe za chuma zilizosagika. Kazi ya kile kilango ni kuzuia oili isirudi chini injini inapozimwa. Kwa sababu hiyo filta ikifunguliwa huwa bado ina oili ndani. Mara nyingi hupata kikombe cha chai, na ya lori kubwa huwa na zaidi.

Fahamu kwamba si kila injini ina filta ya kutupwa. Pampu ndogo za petroli aghalabu hazina kabisa. Injini nyingine ndogo za dizeli zina wavu wa kuoshwa. Wavu huo usiuoshee mtoni wala mferejini. Uoshe kwa dizeli kidogo ndani ya karai, kisha dizeli hiyo uiweke katika mkebe wake wenye kifuniko.

Hasara ya kuitupa

Tufanye hesabu. Kikundi kikibadilisha filta 20 kwa mwaka, na kila moja ikibaki na robo lita ya oili, hizo ni lita 5. Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira limeeleza kwamba oili inayotolewa katika gari moja mara moja tu yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji matamu. Mto Tana ndio mto wetu wa pekee usiokauka katika Kaunti ya Garissa. Wenye mashamba hunywa humo, mifugo hunyweshwa humo, na mji huchota humo.

Wako wanaofukia filta ukingoni wakidhani wameficha. Lakini tumeona mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, jinsi mto ulivyoingia mashambani na kuchukua kila kilichokuwa kando yake. Kilichofukiwa ukingoni leo, mto utakifukua kesho.

Mifugo nayo imo hatarini. Ng'ombe na mbuzi wenye hamu ya chumvi hulamba oili chafu iliyomwagika. Oili hiyo ikiingia mapafuni huleta ugonjwa mbaya wa kifua, na vyuma vilivyomo ndani yake ni sumu. Mtu naye akiigusa kwa ngozi mara kwa mara, kwa miaka mingi, aweza kupata saratani ya ngozi.

Namna ya kuchuja filta

Kazi hii ni rahisi, na joto la Garissa hutusaidia, kwa kuwa oili yenye joto ni nyepesi na hutoka upesi.

1. Washa injini ipate joto, kisha uizime. Ingoja kidogo usiungue.

2. Vaa glovu. Kama huna, vaa mfuko wa plastiki mkononi.

3. Kinga oili ya injini katika karai, kisha fungua filta.

4. Toboa kichwa cha filta, yaani upande uliozibwa, kwa patasi na nyundo. Tundu hilo huingiza hewa, na oili hupata kutoka.

5. Ilaze kifudifudi juu ya wavu ulio juu ya debe, upande wa matundu ukitazama chini. Iache usiku kucha, yaani muda usiopungua saa 12.

6. Oili iliyotoka iongeze katika pipa la oili chafu. Filta iliyokauka iweke katika pipa lake.

Usiichome filta ili kuondoa karatasi na oili. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu ya watoto wako na ya jirani. Wala usiioshe ukairudisha katika injini. Karatasi iliyojaa uchafu haichuji tena, na injini itakayoharibika bei yake hailingani na bei ya filta mpya.

Pipa moja la kikundi

Filta moja haina thamani kubwa. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni yapata kilomita 370, na hakuna mnunuzi atakayesafiri kwa ajili ya mkebe mmoja. Lakini filta za kikundi kizima, zikichujwa na kukusanywa kwa miezi kadhaa, ni chuma cha kuuzwa. Chuma hicho huyeyushwa katika tanuri na kufanywa vyuma vipya, kama nondo za kujengea. Oili chafu nayo yaweza kusafishwa upya, au kutumiwa kuwa moto wa matanuri makubwa ya viwanda.

Kwa hiyo tunawashauri kila kikundi kiwe na mapipa mawili, la oili na la filta. Yawekwe juu ya sakafu ya saruji, chini ya paa, yakiwa na vifuniko, mbali na mto na visima. Mtu mmoja apewe daftari aandike kilichoingia na kilichouzwa. Msichanganye oili na maji, petroli, oili ya breki wala dawa za mimea, maana itakataliwa na mnunuzi.

Jambo moja kubwa: mtungi uliotiwa oili chafu usitiwe tena maziwa wala maji ya kunywa, hata ukioshwa mara kumi. Utie alama ya rangi nyekundu ili kila mtu nyumbani aujue.

Wa kuuziwa ni nani?

Biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake ya mwaka 2015, na mfanyabiashara hutakiwa kuwa na leseni. Mnakumbuka Januari 2022 biashara hiyo ilisimamishwa nchini kote kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme, ikafunguliwa tena Mei mwaka huo huo. Basi omba kuiona leseni na udai risiti, usije ukahesabiwa pamoja na wezi. Oili chafu nayo ni taka ya hatari, na anayeichukua apaswa kuwa na leseni ya NEMA.

Majibu kwa wenye shaka

Wako watakaosema, "Oili chafu ni dawa ya mchwa, twapaka nguzo za boma." Ni kweli mchwa hukimbia kwa muda. Lakini mvua huiosha ikaingia udongoni, na watoto na mbuzi hujisugua pale. Afadhali nguzo za saruji, au ua wa miti hai.

Wengine huwapaka ngamia wenye upele. Ngamia hujilamba, na sumu ikaingia tumboni. Upele una dawa yake ya sindano. Mwone daktari wa mifugo.

Mkulima, kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka patasi, debe, wavu na mapipa mawili. Lileteni jambo hili katika mkutano ujao wa kikundi chenu, mchague mtu wa kushika daftari. Mkiwa na swali, mwulizeni Bwana Shamba wa eneo lenu, au fikeni katika afisi ya kilimo iliyo karibu nanyi.