Panda Viazi vya Mtoto Mara Azaliwapo

Hapa Gesima mkulima akipata nafasi shambani huijaza michai, wala si kosa, maana chai huleta fedha. Lakini viko viazi ambavyo yafaa vipandwe mwezi ule ule mtoto azaliwapo. Hukomaa kwa miezi 4 au 5, na baridi ya milima yetu huvichelewesha kidogo. Basi vitakuwa tayari karibu na siku atakapoanza kula.

Mpaka atimize miezi 6 maziwa ya mama yamtosha, hata maji hahitaji. Baada ya hapo hayatoshi peke yake, na ndipo wengi hudhoofika, kwa kuwa hupewa uji mwepesi. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa maji huwa ameshiba bila kula. Chai nayo asipewe, hata ya maziwa, maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, kama Kabode na Vita zilizotolewa Uganda mwaka 2007, humpatia vitamini A ya kulinda macho na kuzuia maradhi. Vyeupe karibu havina kabisa.

Chemsha na maganda yake, menya, ponda kwa mwiko, ulegeze kwa maziwa ya mama. Rojo likae juu ya kijiko bila kumwagika. Tia mafuta kijiko kimoja cha chai, maana vitamini hiyo haiingii vizuri mwilini pasipo mafuta. Anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, ukiongeza polepole hadi nusu kikombe. Nduma pia yafaa, ila iive sana. Isiyoiva huwasha koo.

Wengine huishia hapo, na hilo ndilo kosa kubwa. Kiazi hutia nguvu, lakini hakijengi mwili. Akishazoea, changanya na maharagwe yaliyopondwa, yai lililoiva, omena iliyosagwa au chinsaga. Mtoto akivimba miguu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mbegu ni vipande vya mashina, urefu wa futi moja. Kata kwenye mimea yenye afya, si ile iliyojikunja majani. Matuta machache nyuma ya jiko yatatosha, na chai haitapungua.