Seva ikilia ‘mzigo mkubwa’, usikimbilie kulipa

MWEZI Februari mwaka 2024 mama yangu mdogo, mwenye kitalu cha miche na duka la pembejeo mjini Morogoro, alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Kwetu simu ya saa hiyo huwa ni ya msiba. Safari hii haukuwa msiba.

“Mwanangu, kompyuta yangu imezidiwa tena,” alisema. “Wameniandikia usiku wa manane kwamba mzigo umepita kiasi. Niifunge?”

Kompyuta hiyo hajawahi kuiona kwa macho. Ni seva anayoikodi kwa mwezi, na ndani yake imo tovuti inayoonyesha aina za miche, bei na siku ya kuchukua. Wakulima wa Mvomero na Kilosa huweka oda humo badala ya kufunga safari kuja kuuliza. Msimu wa masika unapokaribia, tovuti hiyo ikizimika siku mbili ni sawa na kufunga duka siku mbili.

Tahadhari hizo zilianza Oktoba mwaka uliotangulia. Kila usiku, kwenye saa nane hivi, ulikuja ujumbe kwamba mzigo wa seva umevuka 6. Aliwapigia watu wa kampuni inayomkodisha, na kijana wa huduma kwa wateja akamjibu kwa upole kwamba biashara imekua, hivyo ahamie kifurushi kikubwa zaidi. Kuanzia Novemba akahama kutoka Sh40,000 kwenda Sh85,000 kwa mwezi. Hadi Februari alikuwa amelipa nyongeza ya Sh180,000, fedha ambayo kwa kawaida huinunulia trei za kusia mbegu. Kengele ziliendelea kulia kama kawaida.

Mimi ni mchumi wa kilimo, si fundi wa kompyuta. Lakini hapo palikuwa na jambo ambalo mchumi yeyote angelishtukia. Ukiongeza mashine za kusaga kutoka nne hadi nane na foleni ikabaki vilevile, basi watu wale hawakuwa wakisubiri mashine. Nilikwenda Morogoro, nikamtafuta kijana aliyetengeneza ile tovuti, tukakaa macho hadi saa nane usiku.

Kabla ya kueleza tulichokiona, ni vema msomaji aelewe namba hiyo ya mzigo inahesabu nini. Seva nyingi zinazokodishwa hutumia mfumo wa Linux, na mfumo huo hutoa namba tatu zinazoitwa wastani wa mzigo. Ya kwanza ni ya dakika moja iliyopita, ya pili ni ya dakika tano, ya tatu ni ya dakika kumi na tano. Chukulia mashine ya kusaga ya kijijini. Namba hiyo ni idadi ya watu waliopo mashineni, anayesagiwa na wanaosubiri wote pamoja. Sasa, watu sita ni wengi au wachache? Huwezi kujibu mpaka ujue kuna vinu vingapi. Kwenye kinu kimoja, watano wamesimama wakilalamika. Kwenye vinu nane, viwili havina mtu.

Kwenye seva, vinu hivyo ni viini vya prosesa. Fundi huandika amri ya nproc na kupata idadi yake, kisha huandika uptime na kupata zile namba tatu. Ni kazi ya nusu dakika. Hata hivyo, programu nyingi za ulinzi hutoka kwa mtengenezaji zikiwa na kikomo kilichokwisha kupangwa, na hakibadiliki seva inapobadilika. Ile iitwayo CSF, inayotumika sana kwenye seva za tovuti, huja na kikomo cha 6 kwa wastani wa dakika tano. Kwa seva yake ya zamani yenye viini vinne, 6 si kikomo kibaya. Kwa ile ya viini nane aliyouziwa, kengele ilikuwa ikilia kabla vinu havijajaa. Yaani alilipa zaidi ili apate kengele isiyofaa zaidi.

Saa nane na dakika sita ujumbe ukaingia. Tuliandika uptime tukapata 7.41, 6.32 na 3.05. Namba ya kwanza ikiwa kubwa kuliko ya tatu, foleni inaongezeka. Ikiwa ndogo, inapungua, na huenda kengele inalilia jambo lililokwisha pita. Ni kama kulinganisha bei ya nyanya ya leo na wastani wa mwezi. Yetu ilikuwa inaongezeka. Kijana akafungua amri ya top, inayoonyesha viini vinatumiaje muda wake. Kazi halisi haikufika asilimia 10. Zaidi ya nusu ya muda ulihesabiwa kuwa ni kusubiri diski, na uliobaki viini vilikaa bure kabisa.

Inakuwaje foleni iwe ya watu saba na vinu viwe vimelala? Jibu lina historia. Zamani Linux ilihesabu tu kazi zinazotaka prosesa. Oktoba 1993 ikaongezwa hesabu ya kazi zinazosubiri diski, jambo ambalo mtaalamu Brendan Gregg alilifukua kwenye kumbukumbu za zamani na kulichapisha mwaka 2017. Aliyependekeza badiliko hilo alikuwa na hoja ya maana: ukiondoa diski ya kasi na kuweka ya polepole, mashine inakuwa nzito lakini namba ya mzigo inashuka, kwa sababu kazi zimekwama kwenye diski na hazihesabiwi. Tangu hapo, aliyeweka debe lake kwenye foleni huku gunia lake bado liko ghalani naye anahesabiwa. Nunua vinu vingine kumi ukipenda, huyo bado anasubiri gunia.

Tukatafuta ni nani aliyekuwa akisubiri gunia. Ilikuwa ni programu ya kutengeneza nakala ya akiba ya tovuti, iliyopangwa kuanza saa nane kamili. Kutengeneza nakala ni jambo jema, na mwenye tovuti asiye na nakala anacheza kamari. Tatizo ni kwamba nakala hizo zilikuwa zikihifadhiwa ndani ya folda ileile ya tovuti. Nakala ya leo ilibeba ya jana, ambayo ilibeba ya juzi. Waliowahi kukopa kwa riba juu ya riba wanaujua mwendo huo. Mwanzoni kazi ilikwisha kwa dakika chache bila mtu kujua. Kufikia Oktoba ilikuwa inakokota diski kwa karibu saa nzima. Kurasa chache zilizoombwa usiku huo nazo zilikwama nyuma yake, foleni ikavuka 6, kengele ikalia.

Marekebisho yalichukua dakika ishirini. Folda ya nakala iliondolewa kwenye orodha ya vitu vya kunakiliwa, nakala zikabaki saba tu na kuhamishiwa nje ya seva, na kazi yenyewe ikashushwa daraja kwa amri za nice na ionice ili ipishe wateja. Usiku uliofuata mzigo haukufika 2.

Tangu hapo nimeombwa ushauri na wafanyabiashara wengine wawili, na chanzo hakikuwa kilekile. Mmoja, muuza vifaa vya umwagiliaji, hakuwa amekodi seva kamili bali chumba ndani ya seva. Vyumba vya aina hiyo mara nyingi huonyesha mzigo wa mashine nzima badala ya wa chumba. Ni kama wapangaji sita wenye mita moja ya LUKU: anayesoma mita hiyo na kudhani ni matumizi yake atazima hata taa ya choo bure. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye tovuti. Dai upewe vipimo vya chumba chako.

Katika amri ileile ya top kuna namba nyingine iliyoandikwa st, ambayo watu huipita. Ni muda ambao seva yako ilitaka prosesa lakini mashine mama ikawa inawahudumia wapangaji wengine. Ikiwa juu mara kwa mara, mwenye mashine amepangisha wengi kuliko uwezo. Kukuambia ulipe zaidi kwa hali hiyo ni kukuuzia maziwa yaliyotiwa maji na kukushauri ununue lita mbili. Mwombe akuhamishie mashine nyingine kwa bei ileile.

Chanzo ninachokipenda zaidi, pengine kwa sababu kinatuhusu sisi watu wa takwimu, ni cha kengele inayosababishwa na upimaji wenyewe. Linux haihesabu foleni mfululizo. Huchungulia mara moja kila baada ya sekunde tano na kidogo. Kwenye seva nyingi ni sekunde 5.004. Sasa weka programu ya ufuatiliaji inayoamka kila sekunde kumi na kuzindua vipimo vingi kwa mkupuo, kisha inalala. Kwa muda mrefu macho ya Linux hayakutani na mkupuo huo. Lakini zile elfu nne za sekunde moja zinajumlishana, mpaka wakati fulani kila jicho la pili linaangukia palepale kwenye msongamano. Ofisa anayehesabu watu wa kijiji kila Alhamisi, siku ya gulio, ataandika kwamba kijiji kimefurika. Kwa hesabu hiyo mzigo hupanda na kushuka wenyewe kila baada ya saa moja na dakika 44 hivi, bila mteja hata mmoja kuongezeka. Watumiaji wa programu ya ufuatiliaji iitwayo Telegraf waliwahi kuripoti jambo hili hasa. Dawa yake ni kuipa programu ruhusa ya kuchelewa sekunde kadhaa bila mpangilio, ili vipimo visiamke vyote pamoja. Kwa hiyo ukiona tahadhari zinazorudi kwa muda uleule kama saa ya ukutani, mtilie shaka mpimaji kwanza.

Mfanyabiashara hahitaji kuzijua amri hizi. Anahitaji kujua cha kuuliza. Ukiambiwa seva imezidiwa, andika barua pepe uombe mambo manne ya dakika ile kengele ilipolia: namba tatu za mzigo, idadi ya viini, asilimia ya prosesa iliyokuwa haina kazi, na asilimia iliyokuwa ikisubiri diski. Kisha fungua tovuti yako kwa simu uone kama ni nzito. Kama kurasa zinafunguka upesi na prosesa imelala, huna sababu ya kuhamia kifurushi kikubwa. Kampuni inayokataa kutoa namba hizo lakini iko tayari kukutumia ankara mpya imekwisha kukujibu.

Mama mdogo alirudi kwenye kifurushi cha Sh40,000 mwezi Machi. Alikuwa amechoka na kengele kiasi cha kutaka zizimwe zote, na sikumlaumu. Mlinzi anayepiga debe kila jani likitikisika huwafanya wenye shamba wazibe masikio, hata siku nguruwe pori wakija kweli. Tulikubaliana zibaki, ila ziangalie wastani wa dakika kumi na tano badala ya tano.

Katikati ya Aprili, saa nne asubuhi, ujumbe ukaingia. Mzigo 23, viini vinne, prosesa isiyo na kazi sifuri. Alifungua tovuti kwa simu, haikufunguka. Safari hii hakupiga simu kwangu bali kwa yule kijana, akamsomea namba zote. Zilikuwa ni programu za kujiendesha, zinajaribu maneno ya siri kwenye ukurasa wa kuingilia, maelfu ya mara. Kijana aliweka kizuizi kwenye ukurasa huo, na kabla ya saa tano tovuti ilikuwa inafunguka.

Oda moja ya miche ya nyanya ya siku hiyo ilichukuliwa kesho yake. Zile Sh180,000 aliziomba zirudishwe kwa barua mbili, hakurudishiwa.